Mwaka Niliokwenda Kutazama Dubu

Gudi la bandari ya Durban, pale meli zinapokaushwa ili zitengenezwe, lilinuka vitu vitatu kwa pamoja: kutu iliyokwanguliwa, rangi mbichi, na makome yanayooza kwenye tumbo la chuma. Ndani ya harufu hiyo, mwezi wa tano mwaka 2010, mwanamke wa Kijerumani aliyekuwa mkuu wa vyumba kwenye meli ya watalii alinisimamisha nikiwa na brashi ya waya mkononi, akaniuliza kama najua kufua na kupiga pasi. Dobi wake alikuwa amelazwa hospitalini, amepasuliwa tumbo, na meli ilikuwa inaondoka baada ya siku nne kwenda kaskazini kabisa ya dunia, kuwaonyesha matajiri dubu weupe. Nilisema ndiyo. Sikuomba hata usiku mmoja wa kufikiri. Nimezeeka sasa, nimepata muda wa kuligeuza neno lile pande zote, na sijaona upande wenye udhuru.

Wazee wenzangu wakiandika habari za utotoni, huandika utoto wao wenyewe. Mimi utoto wangu ulipita Burundi, katika shule ya misheni yenye kitabu kimoja cha jiografia kwa wanafunzi sita. Ndani ya kitabu hicho mlikuwa na picha ya dubu amesimama juu ya barafu, na maelezo kwamba huko jua husahau kuzama. Nilimaliza sekondari nikiwa na picha ile kichwani kama mtu mwenye mwiba asiotaka kuung'oa. Hayo tu ndiyo ya utoto wangu. Msimu ninaotaka kuusimulia ni wa utoto wa binti yangu, Anitha, aliyekuwa na miaka tisa, nami hamsini na mitatu. Nitausimulia nusunusu, kwa sababu nusu moja sikuwepo, na niliyoyajua nimeyaokota kwa wengine.

Tulikaa Albert Park, katikati ya Durban, ghorofa ya saba, chumba kimoja kilichogawanywa kwa pazia: mimi, mke wangu Consolate na Anitha. Ulikuwa mwaka wa Kombe la Dunia. Mji ulikuwa umepakwa rangi, vuvuzela zinalia tangu asubuhi, na katikati ya shangwe hiyo watu walituambia wazi, kwenye foleni ya mkate, kwenye taxi, kwenye ngazi za jengo letu, kwamba Kombe likiisha na sisi tumekwisha. Makwerekwere, ndivyo walivyotuita wageni, mtarudi kwenu. Walisema wakicheka, na kicheko hicho kilikuwa kibaya kuliko tusi. Consolate alimkataza mtoto kusema Kiswahili ndani ya taxi. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na kamba yetu ilikuwa karatasi. Mimi ndiye niliyeomba hifadhi, kwa hiyo faili lilikuwa kwa jina langu, na mke na mtoto waliandikwa chini yangu. Kila karatasi hiyo, permit kama tulivyoiita, ilipokaribia kufa, mwenye faili alipaswa kufika mwenyewe ofisi ya wakimbizi, asimame dirishani, ndipo na wao waongezewe muda. Safari hiyo tarehe yetu iliangukia mwezi wa nane. Mkataba wa meli uliisha mwezi wa kumi. Nilijua. Mtu asije akaniombea msamaha kwa kusema sikujua.

Kwetu Albert Park kulikuwa na desturi ambayo kila mtu aliifanya na hakuna aliyeitaja: mtu akiwa mgonjwa, au yuko kazini mji mwingine, ndugu anayefanana naye huchukua karatasi yake akasimama kwa niaba yake. Picha za kwenye zile karatasi zilikuwa nyeusi kama makaa. Ungeweza kuwa mtu yeyote. Nilimchagua Deo, tuliyetoka naye kijiji kimoja, fundi wa viatu, urefu wangu, upara wangu. Nilipomwambia Consolate, aliweka sufuria chini kwa kishindo.

"Mwenye faili ni nani? Ni mimi?"

"Deo atasimama pale. Tunafanana."

"Mnafanana nini? Deo iko na sikio moja limekatika!"

"Kwa ile picha masikio haionekane."

"Salvator, unaenda kutafuta nini huko? Hapa uko na kazi."

Nilimjibu kwa ukali kwamba nimechoka kuitwa majina, kwamba nataka mara moja maishani niwe mahali ambapo hakuna mtu wa kuniambia nirudi kwetu. Maneno hayo yalikuwa na ukweli ndani yake, lakini hayakuwa ukweli wenyewe. Ukweli ni kwamba nilimtaka yule dubu wa kitabuni. Anitha, aliyekuwa nyuma ya pazia akijifanya amelala, alichungulia akauliza, "Baba, na dubu wana permit?" Tulicheka wote watatu, hata Consolate, na kicheko kile nikakihesabu kuwa ruhusa.

Wahenga walisema mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Mimi ngamani ndiko nilikoanzia. Chumba cha dobi kilikuwa chini kabisa, chini ya usawa wa maji, hakina dirisha. Mashine nne, meza ya pasi, joto la kutoa jasho mpaka kwenye kope, na nje ya ukuta wa chuma, shubiri chache kutoka kiwiko changu, maji ya kuua mtu kwa dakika chache. Tulipanda Atlantiki karibu mwezi mzima, kisha tukaanza kuzunguka visiwa vya Svalbard, watalii wakibadilishwa kila siku kumi kama maji ya kufulia. Jua lilikataa kuzama, kweli kama kitabu kilivyosema, na nilipoliona mara ya kwanza saa sita ya usiku likining'inia juu ya barafu, jeupe, halina joto, sikufurahi kama nilivyotarajia. Lilikuwa kama taa ya chumba cha polisi. Ardhi yenyewe ilikuwa mawe meusi na theluji chafu, hakuna mti, hakuna harufu. Hilo la harufu ndilo lililonitisha. Nilivuta hewa na pua haikuleta habari yoyote.

Wafanyakazi wa chini hatukuruhusiwa kwenye sitaha za watalii. Yule Mjerumani alituambia siku ya kwanza, bila kupandisha sauti, "Hawakuja huku kukutazameni ninyi." Kwa hiyo kipaza sauti kilipotangaza dubu, tulipanda ngazi za nyuma hadi kwenye mapipa ya taka, mimi na Kombo, mwosha vyombo kutoka Mombasa, mtu pekee kwenye meli niliyeweza kusema naye Kiswahili. Kombo alikuwa na ulimi wa upupu. Aliniita Mzee wa Albati, kwa kuwa kila neno langu lilianza na Albert Park.

Dubu wa kwanza niliyemwona vizuri hakuwa mweupe. Nayasema haya kama dobi: alikuwa na rangi ya shuka la zamani lililochemshwa bila sabuni, manjano kwenye mapaja na nyuma ya masikio, na kifuani alikuwa na damu ya sili iliyokauka kuwa kahawia. Alikuwa jike, na nyuma yake kitoto kimoja kikirukaruka kutoka kipande cha barafu hadi kingine. Meli ilizima injini. Kimya kikawa kingi hata nikasikia kamera za watalii juu yetu zikilia kama wadudu. Jike aliinua pua, akainyoosha kuelekea kwetu, akatunusa. Nimetazamwa vibaya na watu wengi maishani, lakini mtu akikuchukia kuna kitu anachokijua juu yako. Yule mnyama alinitazama kama anavyotazama nyama ambayo bado haijasogea karibu. Mara akageuka. Kwa mbali alikuwa anakuja dume, mkubwa mara mbili yake, hakimbii, anatembea tu kwa kichwa kilichoinama, macho kwenye kile kitoto. Jike alianza kukimbia, kitoto kikateleza, kikaanguka majini, kikapanda tena kikilia. Sauti yake ilikuwa kama ya mtoto wa mbuzi. Dume hakubadilisha mwendo. Mwishowe jike alisimama, akamgeukia, akafungua kinywa na kumvamia yule dume kwa namna ambayo sisi kwenye mapipa tulirudi nyuma, ingawa walikuwa mbali na sisi. Dume akasita, akakaa chini, akajilamba kama aliyekumbuka shughuli nyingine.

"Unaona?" Kombo akasema. "Yule anayetaka kumla mtoto huenda ndiye baba yake. Dubu dume hamjui mwanawe, halei. Anapanda mimba anakwenda zake matembezi. Kama Mzee wa Albati."

Nilimwambia afunge mdomo wake kabla sijamtupa nje na maganda ya viazi. Alicheka mpaka akakohoa. Hatukusemezana siku tatu.

Haya ya Durban nilikuja kuambiwa baadaye na Deo. Kombe lilikwisha mwezi wa saba na vitisho vikaendelea pale vilipoishia. Watoto wa jengo letu walipangiwa kwenda shule kwa makundi, wakubwa pembeni, wadogo katikati. Anitha alikuwa ameanza kuchora dubu nyuma ya madaftari yake yote, na darasani walimcheka, wakamwambia baba yake ametoroka, dubu gani. Alipigana na msichana mmoja wa darasa la juu, akarudi na mdomo umepasuka, akamwambia mama yake ameanguka. Consolate alijua. Fimbo ya mbali haiui nyoka, na mimi nilikuwa fimbo ya mbali kuliko zote.

Meli ilikuwa na simu moja ya satelaiti kwa wafanyakazi. Kila mmoja alikuwa na zamu yake, dakika kumi, kila baada ya Jumapili mbili, na siku tulizokuwa juu sana kaskazini haikushika kabisa. Kutoka nyumbani hawakuweza kutupigia. Katikati ya mwezi wa nane, siku mbili kabla ya tarehe ya ofisi, nilimpata Consolate.

"Deo anaogopa," alisema.

"Mwambie asimame wima, asiongee sana."

"Watu wanasema sasa iko mashine ya vidole."

"Hiyo mashine ilishakufa. Mimi nimeenda pale miaka mingapi? Haijawahi kufanya kazi."

Nilisema hivyo nikiwa nimezungukwa na barafu, kwa sauti ya mtu anayeijua ofisi kuliko walio jirani nayo. Kisha Anitha akanyang'anya simu. "Baba, umewauliza dubu kama wana permit?" Nikamwambia nimewauliza, wamesema huku hakuna ofisi. Alicheka. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka kicheko hicho kilikuwaje hasa, na kila mwaka kinapungua kidogo.

Mashine ilikuwa imetengenezwa. Deo aliweka kidole gumba, karani akatazama kioo chake, akamtazama Deo, akamwomba aweke tena. Deo hakuweka tena. Aliniambia mwenyewe, akilia, mtu mzima, kwamba alirudi nyuma hatua moja, halafu ya pili, halafu akakimbia, akawaacha Consolate na Anitha dirishani na karatasi zetu zimelala juu ya meza. Karani hakumtukana mtu. Alimwambia mke wangu kwamba faili limesimamishwa kwa udanganyifu, na kwamba mwenye faili ana wiki tano kufika mwenyewe na kujieleza, asipofika, litafungwa. Kama kungekuwa na ukatili pale ningepata wa kumchukia. Yule karani alifanya kazi yake. Sisi ndio tuliokuwa tumekwenda na mtu wa bandia.

Zamu yangu ya mwisho wa mwezi ule simu haikushika. Mwanzoni mwa mwezi wa tisa meli ilihamia Greenland ya mashariki, kwenye ghuba nyembamba kati ya milima, ambako usiku ulikuwa umerudi. Zamu yangu nyingine ilikuwa Jumapili, saa tatu na nusu usiku. Nilipanda na kadi yangu ya simu mkononi. Mlangoni pa chumba cha simu Kombo alinivuta kwa bega, tukatoka nje.

Mwanzoni nilidhani ni moshi. Mstari mmoja uliofifia juu ya mlima, rangi ya maji ya mchicha. Kisha ukapanuka, ukakunjuka, ukashuka kwa mikunjo kama shuka refu linalokung'utwa na watu wawili wasioonekana, kijani katikati, waridi kwenye pindo, na ukaanza kwenda. Hiyo ndiyo mianga ya kaskazini. Picha zinadanganya kwa kuwa zimetulia, mianga haitulii. Ilikimbia kutoka upande mmoja wa mbingu hadi mwingine bila sauti, na ule ukimya ndio uliokuwa unaogofya, kwa sababu kitu kikubwa hivyo kinapaswa kunguruma. Maji ya ghuba yalikuwa kijani. Uso wa Kombo ulikuwa kijani. Baridi ilinikata masikio na machozi yakaganda kwenye kope, na nilijua, kama ninavyojua jina langu, kwamba hili halimo kwenye kitabu cha misheni, nimekipita kitabu. Kombo akanigusa. "Mzee, zamu yako. Dakika zinaisha." Nikampa kadi. "Chukua wewe. Mimi nitapiga zamu ijayo." Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nilikuwa na hakika. Nikabaki pale mpaka miguu ikafa ganzi, nikitazama, na nilikuwa na furaha. Hilo ndilo gumu kuliandika. Nilikuwa na furaha tupu.

Jumapili hiyo Consolate alikuwa amekaa kitandani na simu kwenye chaja tangu mchana, Anitha kando yake. Alikuwa amemwambia mtoto, "Baba atapiga leo, atatuambia la kufanya." Zilikuwa zimebaki siku tisa. Ningepiga, ningejua, na siku ya tano meli ilitia nanga Iceland, penye uwanja wa ndege. Ningeshuka na nguo nilizovaa. Badala yake siku ile ilikuwa ya kubadilisha watalii, na dobi hapati kuona hata ngazi: mashuka mia mbili, foronya, taulo. Nilizipiga pasi nikiimba.

Zamu iliyofuata simu ya Consolate haikupatikana. Nikasema moyoni, chaji. Nikasema, mtandao. Mwenye macho haambiwi tazama, na mimi niliyekwenda nusu ya dunia kutazama, sikutaka kuona.

Nilirudi Durban mwisho wa mwezi wa kumi. Mlango wa ghorofa ya saba ulifunguliwa na mama wa Kikongo nisiyemjua, mtoto mgongoni. "Papa, hapa tunaishi siye tangu mwezi jana," alisema, akakaza mlango kwa mguu. Deo alinisubiri kwenye ngazi za chini. Alinieleza yote, na mwisho akanipa karatasi iliyokunjwa mara nne, barua ya Consolate. Faili lilifungwa, shule ikataka karatasi ya mtoto iliyo hai, hakukuwa nayo. Wiki hiyohiyo vijana waligonga milango ya jengo letu kwa marungu. Consolate aliuza kitanda, akapanda basi na Anitha, mpaka baada ya mpaka, kurudi Burundi kwa kaka yake. Barua ilikuwa na mistari miwili. "Tulisubiri mpaka usiku. Sasa mtoto hatasubiri mtu tena."

Sikuweza kuwafuata. Faili lililofungwa lilikuwa na jina langu. Ilinichukua karibu miaka mitano kupata karatasi nyingine, na Burundi nilikotoka kulikuwa bado na watu wanaokumbuka kwa nini nilikimbia. Mwaka 2013 nilipata namba ya simu. Consolate alipokea, akampa Anitha. Sauti ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na miwili nisiyemfahamu. Hakunisalimu. Aliuliza, "Ile Jumapili ulikuwa wapi?" Ningeweza kudanganya, satelaiti ingenitetea. Nilimwambia nilikuwa nje, natazama mianga.

"Ilikuwa mizuri?"

"Ndiyo," nilisema. "Ilikuwa mizuri."

Kisha akasema, kwa adabu kama mtu anayemjibu mgeni aliyekosea nyumba, "Asante kwa kusema kweli, mzee. Usipige tena." Nimepiga mara mbili tangu siku hiyo, na mara zote mbili simu ilikatwa.

Siku hizi nakaa chumba cha kushiriki na vijana watatu, mitaa miwili kutoka pale pa zamani. Kwa kinyozi kuna televisheni, na mara nyingine huonyesha dubu, wamekonda, barafu imewapungukia. Vijana wakisikia nilifika huko hawaamini, kisha wananiheshimu, wananiambia, "Eish, mzee umeona dunia." Wanataka niwasimulie rangi. Nawasimulia, maana nilizitazama vizuri na bado nazikumbuka zote. Watoto wa jengo bado wanakwenda shule kwa makundi, wakubwa pembeni. Vitisho bado ni vilevile, midomo tu ndiyo mipya. Anitha ni mwanamke sasa. Nimesikia kwa watu kwamba ni muuguzi na kwamba ana mtoto. Sijui jina la mtoto huyo. Nilikwenda kutazama dubu na mianga ya kaskazini, nikaviona, na safari hiyo ilinigharimu mke wangu, na binti yangu wa pekee, ambaye yu hai na hataki kunijua.